Niliandika "wajumbe wote waliridhia", na sasa shangazi hapokei simu yangu

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Dar es Salaam, na ndiye katibu wa kikao cha ukoo wetu. Asili yetu ni Tanga lakini tumetawanyika: wengine wako Tanga mjini na Pangani, wengine tuko Dar, ami zangu wawili wako Muscat tangu ujana wao, na familia tatu ziko Toronto. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa 2 usiku, tunakutana kwa Zoom. Ajenda ni zile zile: mchango wa mwezi, wagonjwa, ada za watoto wa marehemu kaka, na nyumba ya bibi iliyoko Ngamiani.

Mwenyekiti ni ami mkubwa, wa Muscat. Ni mtu mwema na ndiye anayetoa kuliko sisi sote, lakini akishika maiki haiachii. Kikao kilichopita niliangalia saa. Alifungua kwa dua, akaingia ajenda ya kwanza, na hadi dakika ya 31 hakuna mwingine aliyekuwa amesema zaidi ya salamu. Zoom yetu ni ya bure, hukatika dakika ya 40. Nikatuma linki ya pili. Mwanzo tulikuwa 19, waliorudi ni 11.

Hapo ndipo ikaletwa hoja ya nyumba. Ami na binamu mmoja wa Toronto walipendekeza jiko la uani livunjwe, pajengwe vyumba viwili vya kupangisha, kodi iingie kwenye mfuko wa ukoo. Nikauliza kama ninavyouliza siku zote: "Kuna mwenye pingamizi?" Kimya. Ami akasema, "Kimya ni ridhaa. Katibu, andika." Nikaandika: "Wajumbe wote waliridhia." Usiku ule ule, saa 4, nikautuma muhtasari kwenye kundi la WhatsApp. Watu wakaweka vidole gumba.

Jiko hilo ndilo shangazi yangu analopikia vitumbua. Anaishi nyumba ile, ni mjane wa miaka 61, huamka saa 10 usiku kuwasha moto, na vitumbua ndivyo vinavyomlisha. Kikaoni huingia kwa simu ya mjukuu wake, na jina la simu ile lilikuwepo kwenye orodha mpaka mwisho. Nililiona kwa macho yangu. Siku ya tatu mdogo wangu akanipigia: shangazi kajua habari kutoka kwa fundi aliyekuja kupima uani. Kutoka kwa fundi! Tangu siku hiyo nikimpigia hapokei. Nikimpigia mjukuu, naambiwa "bibi amelala", hata saa 5 asubuhi.

Nikikaa nikafikiri, naona si yeye peke yake. Wifi zangu, wakaza wana wa ami, sijawahi kusikia sauti zao kikaoni. Kijana mmoja wa Toronto alijaribu kuchangia, Kiswahili chake kikachekwa, hajarudi tena. Binamu yetu asiyeona hulalamika kwamba tunasema "angalieni hapa" na yeye hajui hapa ni wapi. Halafu kikao kikiisha tu, simu yangu haipumui: kila mtu ana la kusema, na anataka niliseme mimi.

Wengine wananiambia nimzimie ami maiki, maana mimi ndiye mwenyeji wa mkutano na kitufe kiko mkononi mwangu. Mume wangu anasema niachie ukatibu nipate amani. Mimi naogopa kwamba nikilifukua suala la nyumba, nitakuwa nimemwambia mzee wangu mbele za watu kuwa amedhulumu. Na nadhani pia watu wetu ndivyo walivyo, hawapendi kusema mbele ya hadhara. Nifanyeje?

Katibu, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Umefunga mambo mawili kwenye kitambaa kimoja. Kuna shangazi, ambaye jiko lake limeamuliwa yeye akiwa kimya, na kuna kikao, ambacho kikiendelea hivi kitamfanyia mwingine yaliyomkuta shangazi. La kwanza haliwezi kungoja Jumapili ya kwanza ya mwezi. La pili haliwezi kutengenezwa kwa siku moja. Ukiyachanganya, utajikuta unasubiri kikao kibadilike ndipo umtafute shangazi, na fundi huku anaendelea kupima.

Kabla ya njia za kutokea, niruhusu niguse mambo manne unayoyachukulia kuwa yanajulikana. Huenda ni kweli, lakini yatazame tena.

Unasema watu wetu hawapendi kusema. Hapo hapo unasema kikao kikiisha simu yako haipumui. Basi kusema wanasema. Ni pale kwenye skrini ndipo hawasemi, na swali zuri zaidi ni hili: pale pana nini?

Kwanza pana ucheleweshaji. Watu wakizungumza ana kwa ana hupokezana zamu upesi ajabu. Utafiti wa lugha 10 za mabara mbalimbali uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta pengo kati ya mmoja kumaliza na mwingine kuanza kujibu ni kama sehemu ya tano ya sekunde. Kiswahili hakikuwemo, ila sikiliza baraza lolote la kahawa utajua na sisi tumo. Sasa chukua simu iliyoko Pangani kwenye mtandao dhaifu, sauti inafika imechelewa nusu sekunde au zaidi. Mwenye simu hiyo anasikia pengo likiwa limeshazibwa. Akifungua mdomo, mwenye intaneti ya nyumbani kule Toronto ameshaanza. Wanagongana, wanaambiana "endelea", "hapana, endelea wewe", na mara ya tatu wa Pangani anaacha. Hakuna aliyemkataza, isipokuwa kila zamu inamponyoka kwa nusu sekunde.

Halafu pana vidole. Hesabu anachotakiwa kufanya mtu uliyemuuliza "kuna mwenye pingamizi?" Asikie swali, atambue kuwa linamhusu, aishike simu iliyolazwa mezani, aiamshe skrini iliyozimika, atafute alama ya maiki, aibonyeze, aone kama imefunguka, ndipo aseme. Mtu aliyezoea hutumia sekunde 5. Bibi anayetumia simu ya mjukuu, yenye vitufe vya Kiingereza, anaweza kuhitaji 15 au 20, na mjukuu awe karibu. Ami alisubiri sekunde ngapi kabla ya kusema kimya ni ridhaa? Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, aliandika miaka ya 1970 kwamba walimu wakiuliza swali husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu, na waliposubiri 3 au zaidi majibu yalirefuka na watoto waliokuwa wakinyamaza wakaanza kusema. Hao walikuwa darasani, hawakuwa na maiki ya kufungua.

Na pana adabu. Mkaza mwana hapingi mbele ya baba mkwe. Hilo si woga wala si kukosa maoni. Kumtaka aseme "mimi sikubaliani" wakati uso wa mzee uko kwenye kisanduku cha pembeni ni kumtaka achague kati ya maoni yake na malezi yake. Wengi huchagua malezi, kisha wanakupigia wewe.

Jambo la pili unalolichukulia kuwa linajulikana: kwamba shangazi alikuwepo. Uliona jina la simu. Lakini hoja ya nyumba ililetwa baada ya linki ya pili, yaani karibu saa 3 usiku, na unasema mama huyu huamka saa 10. Huenda alikuwa amelala, simu iko juu ya kabati na mjukuu ndiye aliyebonyeza linki. Huenda alisikia yote akanyamaza kwa uchungu. Sijui, na wewe pia hujui. Muhtasari wako lakini unasema unajua.

La tatu ni maneno ya ami. Kimya kuwa ridhaa ni neno lenye asili yake, na ami hakulitoa hewani: bikira akiulizwa kuhusu ndoa, kunyamaza kwake ni idhini. Tazama lakini linavyotumika penyewe. Binti huulizwa. Huulizwa yeye, na mtu anayemjua, kuhusu jambo linalomhusu yeye, na anayemuuliza yuko karibu kiasi cha kuujua uso wake. Kimya cha namna hiyo kinasomeka. Kimya cha orodha ya majina 11 yenye maiki zilizozimwa hakisomeki, kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Swali lilitupwa hewani, likaanguka chini. Ukimweleza ami kwa upande huu, bila kumpinga neno lake, nadhani mtaelewana kwa urahisi kuliko unavyohofu.

Na la nne ni ami mwenyewe. Mzee aliyekulia Tanga amezoea kusema mbele ya watu wanaomwitikia: "naam", "enhe", "hewaa", mmoja anatikisa kichwa, mwingine anacheka. Miitikio hiyo ndiyo humwambia msemaji kuwa amesikika na anaweza kufupisha. Mtandaoni tumeizima yote pamoja na maiki, na kamera tumezifunga kuokoa bando. Mzee anaongea na ukuta. Hajui kama ameeleweka, anaeleza tena. Hajui kama wapo, anaongeza mfano. Zile dakika 31 kwa sehemu ni ukimya wenu. Jaribu hivi: mteue mtu mmoja mwenye mtandao mzuri aache maiki yake wazi wakati ami anazungumza, na kazi yake iwe kuitikia. Utashangaa hotuba inavyofupika.

Sasa turudi kwa shangazi.

Kuna la kuuliza kabla ya yote: je, pesa yoyote imeshatolewa kwa fundi? Kama bado, kumwomba mweka hazina asubiri hadi kikao kijacho hakuvunji uamuzi wa mtu, ni tahadhari ya kawaida ya mwenye mfuko. Kama malipo ya awali yametoka, ijulikane ni kiasi gani, maana hapo mazungumzo yanabadilika: kuna watakaosema "tumeshaingia gharama", na utahitaji kujua gharama hiyo ni shilingi ngapi hasa.

Kuhusu muhtasari, wewe unaona kuufungua ni kumshtaki ami. Kuna njia iliyo ndani ya taratibu za vikao vyenyewe. Kila kikao hufunguliwa kwa kuthibitisha muhtasari uliopita, na kabla haujathibitishwa katibu ana haki, na ni wajibu wake, kusahihisha alichokosea. Unaweza kuleta masahihisho ya mistari michache: kikao kilianza na wajumbe 19; baada ya linki ya pili walirudi 11; hoja ya nyumba ilijadiliwa na hao 11; hakuna aliyepinga kwa sauti; katibu hakumuuliza shangazi kwa jina. Hicho kipande cha mwisho kina uzito. Kinaweka kosa kwako, na hapo ami anapata mlango wa kutokea bila kuinamisha kichwa. Hatari yake ni kwamba wanaoutaka ujenzi wanaweza kukugeuzia kibao, waseme katibu mzembe. Lipime hilo kama unaweza kulibeba. Hatari nyingine ni kumshtukiza mzee kwa masahihisho kikaoni. Mpelekee kwanza yeye, kwa simu, siku mbili tatu kabla, na usianze na kikao. Anza na dada yake. Mtu aliyeondoka Ngamiani ujanani huenda jiko analolikumbuka ni kibanda cha kuwekea kuni, hajui kuwa leo kuna mtu anakula kutokana na moto wake. Swali la "ami, unajua shangazi anapikia wapi siku hizi?" linaweza kufanya kazi kubwa kuliko hoja kumi.

Na hicho kitufe cha maiki. Kipo na kinafanya kazi. Ila jua kinavyofanya kazi: ukimzimia mtu, anaona kwenye skrini yake kuwa amezimwa na mwenyeji, na wewe huwezi kumwashia tena, utamtumia ombi na yeye mwenyewe ndiye atakayelikubali. Sasa mfikirie mzee mbele ya jamaa 18, katikati ya sentensi, anatafuta alama ya kujifungulia mdomo. Pana tofauti na kuzima maiki kwa ajili ya kelele, jogoo au redio ya jirani. Hilo likitangazwa mwanzoni mwa kikao kwa watu wote, hakuna anayeona haya.

Njia nyingine ni kutenganisha uenyekiti na kushika zamu. Ami abaki mwenyekiti: afungue kwa dua, atamke ajenda, na awe wa mwisho kusema. Kwa desturi yetu mzee hufunga mazungumzo, kwa hiyo kumpa neno la mwisho ni heshima anayoijua. Akisema wa kwanza, wadogo wote wanabaki na kazi ya kukubali tu. Lakini neno la mwisho la mzee hugeuka hukumu, na hapo mtakuwa mmezunguka mkarudi pale pale. Dawa yake ni kutoamua papo hapo: hoja ijadiliwe leo, uamuzi utolewe baada ya saa 48 au kikao kijacho, ili asiyeweza kusema mbele za watu apate muda wa kumfikia mtu.

Wa kushika zamu basi awe nani? Wewe sasa unatuma linki, unaandika, unaangalia saa, unafungulia watu mlango na unauliza maswali. Hakuna anayeweza kuyafanya hayo yote na bado akagundua nani hajasema. Yagawe. Mmoja ashike zamu, mmoja aandike, mmoja awe mtu wa mlangoni: linki ikikatika, yeye ndiye ahesabu waliorudi na awapigie simu waliopotea kabla hoja mpya haijaanza. Kazi hii ya mlangoni ingemfaa sana yule kijana wa Toronto. Haihitaji Kiswahili kirefu, na inamrudisha ndani kwa mlango wa heshima. Akichangia, mwacheni achanganye lugha, mshika zamu arudie kwa Kiswahili na amuulize, "Nimekuelewa hivi, sawa?" Anayetaka kumsahihisha sarufi asubiri siku nyingine.

Mtindo wa kuzunguka, kila mmoja kwa jina, ni mzuri lakini una hesabu zake. Watu 19 kwa dakika 2 ni dakika 38, yaani Zoom yenu yote. Kwa dakika 1 ni 19, na kufungua na kufunga maiki hula kama sekunde 15 kwa kila mtu, inakuwa 24. Weka dakika 3 za dua na salamu, 5 za ami kufunga, 4 za mwandishi kusoma alichoandika: jumla 36, zimebaki 4 za mitandao kukatika. Maana yake kikao kimoja kinabeba hoja moja nzito tu. Taarifa za mchango na wagonjwa zitumwe mapema kwa ujumbe wa sauti usiozidi dakika 2, watu wasikilize wakiwa kwenye daladala.

Orodha ya zamu iwekwe kwenye kundi siku moja kabla, na mshika zamu ataje majina mawili mawili: "Sasa wifi, ajiandae binamu." Anayefuata anakuwa ameshaishika simu. Anza na anayeguswa na hoja, kisha wenye mtandao dhaifu kabla haujaisha, wazee mwishoni. Kila mmoja awe na ruhusa ya kusema "napita" bila kuulizwa kwa nini, na mwishoni waliopita waulizwe tena mara moja. Bila ruhusa hiyo, mzunguko unageuka mtihani wa mdomo, na shangazi wa miaka 61 mwenye donge kooni ataitwa mbele ya ukoo mzima kueleza njaa yake.

Swali lenyewe nalo libadilishwe. "Kuna mwenye pingamizi?" linamtaka mtu asimame peke yake awe mpinzani. Jaribu "tukifanya hivi, nani ataumia na kwa namna gani?" Hapo hata asiyeguswa anaweza kumsemea mwingine bila kuonekana kapinga. Ukiuliza, hesabu kimoyomoyo hadi 20. Ni ndefu, utaona aibu ya ule ukimya ikikupanda, na mtu fulani atataka kuujaza. Usimwachie.

Kwa wakaza wana kuna njia ya kikao kidogo cha wanawake siku moja kabla, kwa simu ya kundi ya WhatsApp ya sauti tu, ambayo hubeba hadi watu 32. Yatakayosemwa yaletwe kikaoni na msemaji mmoja bila kutaja nani kasema nini. Kinachoharibu njia hii ni siri: ikigundulika baadaye itaitwa njama, na hapo hata maoni mema yatakataliwa. Iandikwe wazi kwenye ajenda, na ami aambiwe. Kura ya WhatsApp sikushauri kuitegemea kwa mambo mazito, kwa kuwa kila mtu anaona majina ya waliochagua kila jibu. Mkaza mwana atabonyeza alipobonyeza baba mkwe. Na vile vidole gumba vya saa 4 usiku, mwanangu, kwa wengi maana yake ni "nimeona".

Kwa binamu asiyeona, kila kinachoonyeshwa kisemwe: "Huu ni mchoro wa uani, jiko liko kushoto, vyumba vipya vinakaa lilipo." Hati zitumwe mapema kama maandishi. Mkipiga picha daftari na kuituma, simu yake inaweza isimsomee kitu. Na mnapoandikiana ujumbe wakati mtu anazungumza, simu yake humsomea jumbe hizo sikioni juu ya sauti ya msemaji. Wekeni muda wa kuandika, na msemaji anyamaze muda huo.

Muda wa kikao nao unachagua nani asikike. Saa 2 usiku ni raha kwa Toronto, kwao ni mchana. Kwa mpika vitumbua ni usingizi. Jumamosi saa 10 na robo jioni, baada ya alasiri, Tanga wako macho. Muscat ni saa 11 na robo, na Jumamosi huko ni mapumziko, tofauti na Jumapili ambayo ni siku ya kazi. Toronto ni asubuhi, saa 3 na robo au saa 2 na robo kutegemea majira, maana wao husogeza saa zao Machi na Novemba. Kasoro ipo: Desemba magharibi huingia Muscat kabla ya saa 11 na nusu, ami zako watatoka kikao hakijaiva. Miezi hiyo mtasogeza, au mtapumzika katikati. Na kamera zifungwe kwa wote, ili asiye na bando asijione pungufu. Sauti peke yake hula kama MB 30 hadi 40 kwa saa, video hula mara kadhaa ya hapo. Mfuko wa ukoo ukinunulia watu watatu wanne bando la siku ya kikao, hautafilisika.

Kuhusu kuachia ukatibu, mumeo anaona usingizi wako ulivyo na ana haki ya kusema. Lipime hivi: ukiondoka, anayekuja atarithi swali lile lile na kitufe kile kile. Ukibaki na kazi zote tano, utachoka tu. Katikati yake kuna kubaki mwandishi na kuachia zamu kwa mwingine, au kupokezana kila miezi mitatu. Hilo la kuamua ni lako na mumeo, na si lazima liamuliwe kabla ya la shangazi.

Kwa shangazi, usimweleze habari za linki ya pili wala orodha ya majina. Mwambie ulichoandika, na kwamba hukumuuliza. Kisha muulize kama angetaka kuulizwa kikaoni kwa jina, au angetaka mtu amsemee, au angetaka ami ampigie kwanza yeye kama dada yake. Anaweza kukataa yote matatu kwa mara ya kwanza. Ukiweza kupanda basi kwenda Tanga ni bora kuliko simu, ila mjukuu asiwe ndiye msemaji kati yenu.

Na hilo la "bibi amelala" saa 5 asubuhi, usilibebe kama jibu la hasira. Mtu aliyewasha moto saa 10 usiku, akishauza vitumbua vyake, hulala. Mpigie baada ya saa 9 alasiri.